Namna ya Kusoma Kazi ya Interlukini-10, Protini Inayotuliza Mchochota

Mtu anayepokea karatasi ya majibu yenye maandishi "IL-10: pikogramu 48 kwa mililita" hushawishika kuuliza swali moja tu: kiwango hicho ni kizuri au kibaya? Kwa jinsi lilivyoulizwa, swali hilo halina jibu. Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi wa maabara za tiba, walimu wa biolojia na wasomaji wa taarifa za utafiti ambao wangependa kuelewa jinsi interlukini-10, kwa kifupi IL-10, inavyodhibiti mfumo wa kinga, na jinsi ya kuipima bila kujidanganya. Msimamo wangu ni kwamba protini ya kutuliza haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na kile inachokituliza, saa iliyotolewa, seli iliyoitoa na seli iliyoipokea. Anayeacha mojawapo ya hayo atakuwa na tarakimu mkononi lakini hatakuwa na maelezo.

Anza na mchochota wenyewe

Mchochota ni mwitikio wa mwili unaoleta wekundu, joto, uvimbe na maumivu mahali palipojeruhiwa au palipoingiliwa na vimelea. Huwezi kuelewa kinachouzima kabla hujajua kinachouwasha, kwa hiyo chukua karatasi, chora katikati yake seli moja ya makrofaji, yaani chembe nyeupe kubwa inayomeza vijidudu, kisha fuata mambo yanavyotokea kwa mpangilio wake.

Makrofaji hiyo inapogusana na lipopolisakaridi, yaani LPS, molekuli iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria kama vile E. coli, kipokezi chake kinachoitwa TLR4 huamsha mfululizo wa protini ndani ya seli. Mwisho wa mfululizo huo, protini iitwayo NF-κB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za saitokini, ambazo ni protini ndogo za ishara zinazotoka seli moja kwenda nyingine. Chora mshale kwa kila moja. TNF hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu ili chembe nyeupe zipenye na kufika kwenye tishu. IL-1 hufikisha habari kwenye ubongo na homa hupanda. IL-6 huliamuru ini litengeneze protini ya CRP, ileile ambayo hospitali nyingi huipima ili kujua kama mgonjwa ana mchochota. IL-12 huzihimiza seli T na seli NK, ambazo nazo ni chembe nyeupe za kinga, zitoe interferoni-gama, saitokini nyingine ya kuchochea.

Mshale wa interferoni-gama usiuache ukielekea pembeni mwa karatasi. Urudishe kwenye makrofaji uliyoanza nayo, kwa sababu interferoni-gama huiongezea makrofaji ukali, nayo makrofaji hutoa IL-12 na TNF kwa wingi zaidi. Hapo utakuwa umechora duara linalojilisha lenyewe. Duara hilo ni la lazima, kwani bila hilo bakteria wa kifua kikuu na vimelea wengine wanaojificha ndani ya seli wasingeuawa. Hata hivyo, likiachwa lizunguke bila kizuizi, mwili huumia kwa silaha zake wenyewe, na sehemu kubwa ya madhara yanayoonekana katika sepsisi, yaani mwitikio hatari wa mwili dhidi ya maambukizi, na katika malaria kali hutokana na mwitikio wa mgonjwa mwenyewe, si na vimelea peke yao.

Fuata ujumbe wa IL-10 kutoka nje ya seli hadi ndani ya kiini

Mwaka 1989, David Fiorentino, Martha Bond na Tim Mosmann, waliokuwa katika taasisi ya DNAX huko Palo Alto, California, walieleza kwamba kundi moja la seli T wasaidizi za panya lilitoa kitu kilichozuia kundi jingine la seli T lisitengeneze saitokini zake. Walikiita kizuia utengenezaji wa saitokini. Mwaka uliofuata jeni yake ilitengwa na protini hiyo ikajulikana kwa jina la interlukini-10. Wakati huo ilionekana kuwa mali ya kundi moja la seli T. Leo inafahamika kwamba makrofaji, seli za dendriti (zinazozionyesha seli T vipande vya vimelea), seli B (zinazotoa kingamwili), seli T dhibiti, na hata seli T zinazotoa interferoni-gama, zote zinaweza kuitoa. Ndiyo maana swali la kwanza kuliuliza mbele ya matokeo yoyote ya IL-10 ni hili: imetoka kwenye seli gani? Damu ya mshipani haijibu swali hilo, na anayelihitaji jibu lake hulazimika kutazama seli moja moja kwa mashine ya saitometria.

Protini yenyewe imeundwa kwa minyororo miwili inayofanana, kila mmoja ukiwa na asidi-amino 160, na minyororo hiyo imeshikana bila kufungwa kwa kifungo cha kudumu. Umbo hilo la watu wawili walioshikana mikono lina maana kwa mtu wa maabara, kwa kuwa asidi hulivunja na protini ikapoteza nguvu yake.

Ili iweze kufanya kazi, IL-10 hujishika kwanza kwenye kipokezi IL-10R1, ambacho hupatikana hasa kwenye seli za kinga, kisha huvuta karibu kipokezi cha pili, IL-10R2, ambacho kimeenea kwenye seli nyingi za mwili na ambacho hutumiwa pia na saitokini nyingine kama IL-22. Vipokezi hivyo vinapokutana, kimeng'enya JAK1 kilicho chini ya kipokezi cha kwanza na TYK2 kilicho chini ya cha pili huamshana, na matokeo yake ni kuwekewa fosfati kwa protini iitwayo STAT3. Molekuli mbili za STAT3 huungana, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni.

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Husema kwamba IL-10 huzima jeni ya TNF, wakaishia hapo, kana kwamba STAT3 yenyewe huenda ikaikalia jeni hiyo. Sivyo. STAT3 huwasha jeni nyingine, na protini mpya zinazotokana na jeni hizo ndizo zinazofanya kazi ya kuzuia. Majaribio yameonyesha kwamba makrofaji ikizuiwa kutengeneza protini mpya, sehemu kubwa ya uwezo wa IL-10 wa kuzima TNF hupotea. Kwa hiyo utulivu nao ni kazi ya kujenga, na kazi ya kujenga huchukua muda. Weka jambo hilo akilini, maana ndilo litakaloeleza kwa nini saa ya kuchukua sampuli ina uzito mkubwa.

Kinachofuata ni kwamba ujumbe wa kutengeneza TNF, IL-6 na IL-12 hupungua, na ule uliokwisha kuandikwa huvunjwa haraka zaidi. Makrofaji pia hupunguza molekuli za MHC za daraja la pili zilizo juu ya utando wake, pamoja na CD80 na CD86, yaani vile vitu ambavyo seli T huvihitaji ili ziamshwe. Rudi kwenye mchoro wako na uweke alama ya kukata mahali pawili: kwenye mshale wa IL-12 unaotoka kwenye makrofaji, na kwenye mgusano kati ya makrofaji na seli T. Duara limekatwa pande zote mbili.

Kuna fumbo moja ninalopenda kila mwanafunzi alipitie polepole. IL-6, ambayo tumeihesabu upande wa kuchochea, nayo hutumia STAT3 ileile. Inawezekanaje ujumbe mmoja ulete matokeo mawili yanayopingana? Sehemu kubwa ya jibu imo katika protini inayoitwa SOCS3, ambayo huzalishwa kutokana na STAT3 yenyewe. SOCS3 huweza kushika mkono wa kipokezi cha IL-6 na kuukata ujumbe baada ya muda mfupi, lakini haina pa kushika kwenye kipokezi cha IL-10. Hivyo STAT3 inayotokana na IL-6 huwaka na kuzimika, ilhali ile inayotokana na IL-10 hudumu. Makrofaji za panya zilizonyimwa SOCS3 huitikia IL-6 kana kwamba ni IL-10, na TNF hushuka. Somo hili lina faida ya vitendo: ukiona utafiti unaodai kwamba dawa fulani "huamsha STAT3, kwa hiyo hutuliza mchochota", jua kwamba hoja hiyo haijakamilika mpaka ielezwe STAT3 imewaka kwa muda gani na kupitia kipokezi kipi.

Usiiandike IL-10 kuwa protini ya kutuliza kila mahali. Seli B huzihimiza zikue na kutoa kingamwili. Seli T za CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, na seli NK zinaweza kuchangamshwa nayo. Kutuliza ni kazi yake inapopokewa na makrofaji na seli za dendriti.

Tazama kinachotokea inapokosekana

Njia ya uhakika ya kujua kazi ya kidhibiti ni kukiondoa. Mwaka 1993 watafiti wa Köln, Ujerumani, walieleza hali ya panya waliozaliwa bila jeni ya IL-10. Panya hao walidumaa, wakapungukiwa damu, na wakapata mchochota sugu wa utumbo. Walipofugwa katika mazingira safi yasiyo na vimelea vya maradhi, mchochota ulipungua na kubaki kwenye sehemu ya utumbo mpana, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba panya wa aina hiyo waliolelewa bila bakteria wowote hawakuugua utumbo. Soma matokeo hayo kwa makini. Utumbo haukuugua kwa sababu bakteria walikuwa wabaya. Walikuwa bakteria wa kawaida ambao kila panya huishi nao. Uliugua kwa sababu hapakuwa na wa kuuambia mfumo wa kinga kwamba majirani hao ni wa kuvumiliwa.

Kwa binadamu ushahidi ulikuja mwaka 2009, wakati mabadiliko ya kurithi katika jeni za vipokezi IL-10R1 na IL-10R2 yalipotambuliwa kwa watoto waliopata ugonjwa mkali wa utumbo tangu uchanga. Dawa za kawaida hazikuwafaa. Mgonjwa mmoja alipandikizwa uboho na ugonjwa ukatulia, jambo lililothibitisha kwamba tatizo lilikuwa kwenye seli za kinga zinazozaliwa kwenye uboho na si kwenye ukuta wa utumbo. Daktari anayekutana na mtoto mchanga mwenye vidonda vya utumbo na fistula, yaani tundu lisilo la kawaida, karibu na njia ya haja kubwa anapaswa kuikumbuka njia hii ya IL-10, ingawa ugonjwa wenyewe ni wa nadra.

Mfano wa tatu unahusu maambukizi. Panya wasio na IL-10 wakiambukizwa Toxoplasma gondii hufa mapema, na hawafi kwa sababu vimelea wamewashinda nguvu. Vimelea hudhibitiwa, lakini IL-12, TNF na interferoni-gama hupanda kupita kiasi na kuwaua. Mtu anayetangaza biashara ya kitu cha "kupandisha kinga" angepaswa kujibu kwanza panya hao walikufa kwa upungufu gani.

Pima kwa kufuata saa

Sasa njoo maabara. Jaribio linalofundisha zaidi kuhusu IL-10, na ambalo halihitaji vifaa vya anasa, ni kuichochea damu nzima kwa LPS na kutazama saitokini mbili zikipishana. Pata kwanza ridhaa ya mchangiaji na kibali cha maadili cha taasisi yako.

Chukua damu kwenye chupa yenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Chupa ya EDTA haifai kwa hatua hii kwa sababu EDTA hufunga kalsiamu ambayo seli huihitaji ili ziitikie. Ichanganye damu na maji ya kukuzia seli aina ya RPMI, kwa mfano sehemu moja ya damu kwa sehemu nne za RPMI, kisha uigawe katika mirija mitatu kwa kila saa utakayopima. Mrija wa kwanza usitie kitu. Huo ndio wa kulinganishia. Wa pili utie LPS. Wa tatu utie LPS pamoja na kingamwili inayoifunga IL-10 ili isifanye kazi. Iweke yote kwenye kitamizi chenye nyuzijoto 37 na kaboni dioksidi asilimia 5.

Toa mirija ya kundi la kwanza baada ya saa 4, ya pili baada ya saa 8, ya tatu baada ya saa 24. Kila mara izungushe kwenye sentrifuji, uchote maji ya juu bila kugusa seli, uyagawe kwenye vichupa vidogo vidogo na kuyagandisha kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Ugawaji huo kwenye vichupa vidogo haukuwekwa kwa ajili ya unadhifu tu. Sampuli inayoyeyushwa na kugandishwa tena na tena hupoteza saitokini, na hasara hiyo haionekani kwa macho.

Utakachokiona katika mrija wa pili ni TNF ikipanda mapema, ndani ya saa za mwanzo, wakati IL-10 ingali chini. IL-10 huja nyuma, na katika monosaiti za binadamu, yaani chembe za damu ambazo huweza kugeuka makrofaji, kilele chake hufikiwa baada ya saa 24 au zaidi. Hii ndiyo saa ya ujenzi niliyoitaja. Mchochota hupewa nafasi ya kuua vijidudu, kisha hufuatwa na kile kitakachouzima, na makrofaji ileile iliyotoa ishara ya hatari ndiyo inayotoa ishara ya kutulia. Mtu aliyechukua sampuli ya saa 4 peke yake ataandika kwamba hakuna utulizaji. Aliyechukua ya saa 24 peke yake ataandika kwamba mwitikio ulikuwa wa kutuliza tangu mwanzo. Wote wawili watakuwa wamepima sawasawa na kueleza vibaya.

Mrija wa tatu ndio unaonifurahisha zaidi. Pale IL-10 ilipofungwa na kingamwili, TNF na IL-12 hupanda juu zaidi na hukawia kushuka. Tofauti kati ya mrija wa pili na wa tatu ndicho kipimo cha kazi halisi ya IL-10 katika damu ya mtu huyo, na huwezi kuipata kwa kupima wingi wake tu.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa ELISA, kipimo kinachoinasa protini kati ya kingamwili mbili, kwenye kisahani chenye vishimo 96. Kingamwili ya kunasa hulazwa kwenye vishimo usiku kucha katika nyuzijoto 4, vishimo huoshwa, nafasi zilizobaki wazi huzibwa kwa protini kama albumini, ndipo sampuli zinapotiwa. Baadaye hufuata kingamwili ya pili yenye biotini, kisha streptavidini iliyobeba kimeng'enya, kisha rangi ya TMB. Kishimo chenye IL-10 hugeuka buluu, na asidi ya kusimamisha inapotiwa buluu hiyo hugeuka njano, nayo husomwa kwa mwanga wa nanomita 450. Tia kila sampuli kwenye vishimo viwili. Vikitofautiana sana, tatizo mara nyingi huwa ni uoshaji, kwa hiyo gonga kisahani kwenye karatasi ya kufyonza mpaka kisibakishe tone.

Soma uwiano, usisome kiwango

Mtu mzima mwenye afya huwa na IL-10 kidogo sana kwenye plazma, mara nyingi chini ya kile ambacho ELISA ya kawaida inaweza kukiona. Mgonjwa wa malaria kali anaweza kuwa na mamia ya pikogramu kwa mililita, hata zaidi ya elfu. Je, IL-10 nyingi kwa mgonjwa huyo inamlinda au inamponza? Hapa ndipo tafiti za Afrika zilipotoa mwanga ambao panya wasingeweza kuutoa.

Mwaka 1998 utafiti wa Ghana ulionyesha kwamba watoto wenye upungufu mkali wa damu uliotokana na malaria walikuwa na IL-10 ya chini kuliko watoto wenye malaria ya ubongo na wale wenye malaria isiyo kali. Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, katika eneo ambalo malaria huambukizwa mwaka mzima, ulionyesha kwamba uwiano mdogo wa IL-10 kwa TNF uliambatana na upungufu wa damu kwa watoto. Maelezo yanayokubalika ni kwamba TNF ikidumu juu hukandamiza utengenezaji wa chembe nyekundu kwenye uboho, na IL-10 isipotosha kuizuia, damu haijazwi tena hata baada ya vimelea kupungua.

Fikiria watoto wawili wa kubuni. Wa kwanza ana IL-10 pikogramu 300 na TNF 60. Wa pili ana IL-10 300 na TNF 250. Anayetazama IL-10 peke yake atawaona wako sawa. Uwiano wa wa kwanza ni 5, wa pili ni 1.2, na kati ya hao wawili ninayemhofia ni wa pili. Kwa sababu hiyo, usipeleke sampuli kupimwa IL-10 bila TNF. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, heri upunguze idadi ya sampuli kuliko kupunguza saitokini.

Lakini uwiano nao una mipaka yake. Katika utafiti wa Tororo, mashariki mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2014, watoto waliougua malaria mara nyingi walikuwa na seli T nyingi za CD4, yaani seli T wasaidizi, zilizotoa interferoni-gama na IL-10 kwa wakati mmoja, na seli hizo hazikuhusishwa na kukingwa dhidi ya malaria ya baadaye. Inaonekana mwili unaoambukizwa mara kwa mara hujifunza kuvumilia vimelea, ukapunguza homa na madhara bila kuvimaliza. Hali hiyo humwokoa mtoto leo, na pengine humwacha akiwa na vimelea kwa muda mrefu.

Uliza pia kuhusu minyoo. Utafiti wa watoto wa shule nchini Gabon, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta wenye kichocho wakiwa na mzio mdogo wa ngozi dhidi ya utitiri wa vumbi, na hali hiyo ilihusishwa na IL-10 iliyotolewa seli zao zilipokutana na antijeni za kichocho. Mtu anayefanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria au katika vijiji vya Pwani asipopima mkojo na choo cha wachangiaji wake atakuwa anapima kichocho huku akidhani anapima kitu kingine.

Jihadhari na wanaoiiga na wanaoitumia

Vimelea vinavyojua thamani ya utulivu huutafuta. Mfano ulio wazi kuliko yote una asili yake Uganda. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto ambayo leo ina jina lake, na kutoka kwenye seli za uvimbe wa aina hiyo zilizopelekwa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitambua mwaka 1964 kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Jeni ya IL-10 ilipotengwa mwaka 1990, iligunduliwa kwamba kirusi hicho kina jeni inayofanana nayo sana, na protini inayotokana nayo hushika kipokezi kilekile, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, na kuzuia saitokini za kuchochea. Kirusi kimebaki na uwezo wa kutuliza na kupoteza sehemu ya uwezo wa kuchangamsha seli T. Kwa mtu wa maabara hili lina jambo la kufanya: baadhi ya kingamwili za ELISA hushindwa kutofautisha IL-10 ya mtu na ya kirusi, kwa hiyo soma kijikaratasi cha vitendanishi kabla ya kununua, na si baada ya matokeo kukushangaza.

Katika kala-azar, ugonjwa unaojulikana Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya na pia Sudan, IL-10 hupanda pamoja na interferoni-gama. Makrofaji iliyojaa vimelea vya Leishmania hupokea amri ya kuua na amri ya kutulia kwa wakati mmoja, na ya pili huelekea kushinda.

Saitokini nyingine mbili za kuangalia

TGF-β ina tabia ya pekee: hutolewa ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini jingine, na haifanyi kazi mpaka ganda hilo lifunguliwe. Panya waliozaliwa bila TGF-β1 hufa wiki chache baada ya kuzaliwa kwa mchochota ulioenea kwenye viungo vingi. Ukitaka kuipima, kumbuka kwamba chembe sahani za damu zimejaa TGF-β na huimwaga damu inapoganda. Seramu kwa hiyo itakupa kiwango kikubwa kisicho na maana. Tumia plazma iliyoondolewa chembe sahani, na useme waziwazi kama umepima iliyofunguka au yote.

IL-1Ra hutuliza bila kutuma ujumbe wowote. Hukaa kwenye kipokezi cha IL-1 na kukiziba, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki. Dawa ya anakinra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ni IL-1Ra iliyotengenezwa kiwandani, na watoto wanaozaliwa bila protini hii, ambao ugonjwa wao ulielezwa mwaka 2009, hupata mchochota mkali wa mifupa na ngozi unaotulia kwa dawa hiyohiyo.

Mtu huuliza kwa nini basi IL-10 nayo isidungwe kama dawa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa mchochota sugu wa utumbo, na faida iliyopatikana ilikuwa ndogo mno. Protini iliyodungwa chini ya ngozi haikufika kwa kutosha kwenye utumbo, na dozi zilipoongezwa baadhi ya wagonjwa walipungukiwa damu na chembe sahani, huku interferoni-gama ikipanda badala ya kushuka. Mwenye kukumbuka kwamba seli T za CD8 huchangamshwa na IL-10 hatashangazwa na matokeo hayo.

Andika majibu yako hivi

Taja aina ya chupa iliyotumika, muda uliopita kati ya kutoa damu na kutenganisha plazma, na mara ngapi sampuli imeyeyushwa. Kama ulichochea, taja kichocheo, kiasi chake na saa. Weka TNF kando ya IL-10 katika jedwali lilelile, kwa kila mtu, si wastani wa kundi pekee. Eleza kama mchangiaji alipimwa malaria, kichocho na minyoo ya tumbo. Mgonjwa mwenye kingamwili za baridi yabisi anaweza kukupa IL-10 ya uongo kwa sababu kingamwili zake huunganisha zile mbili za ELISA bila IL-10 kuwapo. Ikiwa una shaka, rudia kipimo kwa kuongeza kizuizi cha kingamwili hizo. Sampuli iliyo chini ya kiwango ambacho kipimo chako kinaweza kukiona usiiandikie sifuri. Andika kwamba iko chini ya kiwango hicho, kitaje kiwango chenyewe, na ueleze ulivyoihesabu kwenye uchambuzi, kwa kuwa kwa mtu mwenye afya hilo ndilo jibu utakalolipata mara nyingi zaidi.